Ndege Iliyokuwa Ikiongea

Ukitoka Nairobi kwenda Embu, matatu ikishapita Makutano, mambo yanabadilika nje ya dirisha. Vumbi linaisha na ghafla uko katikati ya maji: mpunga kushoto, mpunga kulia, na mifereji iliyonyooka kama imepigwa rula. Pale Ngurubani dereva anapunguza mwendo, akina mama wanakimbilia dirishani na mifuko ya pishori. Unauliza bei, unalia kidogo, unanunua kilo mbili za kupeleka nyumbani. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mdogo na sikuwahi kujiuliza ni nani aliyechimba ile mifereji.

Ilianza kuchimbwa na watu waliofungiwa kambini katikati ya miaka ya 50, wakati wa Hali ya Hatari. Wengi wao hawakuwahi kufikishwa mbele ya hakimu. Wakati huo Mwea ilikuwa ndani ya Wilaya ya Embu, maana Kirinyaga ilikuwa haijawa wilaya yake yenyewe. Kambi zilikuwa kadhaa: Thiba, Kandongu, Gathigiriri na nyingine. Leo hayo ni majina ya vijiji na vituo vya matatu.

Lakini hadithi hii haikuanzia Mwea. Ilianzia jikoni kwa cucu wangu, upande wa Runyenjes.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeketi naye akichagua maharagwe. Akasema kitu ambacho mimi nilidhani ni uzee unaongea. Alisema alipokuwa msichana kulikuwa na ndege iliyokuwa ikiongea. Ilizunguka juu ya msitu wa Mlima Kenya na kuongea kama mtu, ikiwaita watu watoke. Nilicheka. Nikamwambia, "Cucu, ndege haziongei." Aliniangalia tu, akarudi kwa maharagwe yake.

Kumbe ndege ziliongea. Jeshi la anga la Uingereza lilifunga vipaza sauti kwenye ndege ndogo na kuzirusha juu ya misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, zikiwaita wapiganaji wa Mau Mau wajisalimishe. Ndege hizo zilienda pamoja na karatasi zilizomwagwa kutoka angani. Agosti 1953 serikali iliahidi kwamba atakayetoka msituni ameshika tawi la kijani hatapigwa risasi. Januari 1955 ikatoa ahadi nyingine. Hayo yote yamo katika kumbukumbu za jeshi na za serikali. Mimi nilihitaji Mzungu fulani aandike faili ndipo niamini kitu ambacho cucu wangu alikisikia kwa masikio yake. Hiyo aibu ndiyo iliyonifanya niandike hapa.

*

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Serikali ikaunda herufi tatu zilizoamua maisha ya watu wetu: KEM, yaani Wakikuyu, Waembu na Wameru. Ukiwa KEM, kusafiri ni kwa pasi. Kulala ni kwa amri. Kuanzia katikati ya 1954 watu zaidi ya milioni moja walitolewa kwenye maboma yao na kurundikwa katika vijiji takriban 800, vyenye mitaro na miti iliyochongwa ncha kuvizunguka. Cucu alikuwa mmoja wao. Yeye hasemi "kijiji" kwa sauti ya kawaida. Analitamka hilo neno kama mtu anayetema mbegu.

Tukifikiria vita hivyo tunafikiria bunduki na panga. Lakini vilikuwa pia vita vya sauti, na serikali ililijua hilo mapema. Iliwatumia maafisa wa habari, magari ya sinema, vipaza sauti kambini na redio. Kituo cha redio kilifunguliwa Nyeri ili kuzungumza na watu wa Mlima Kenya, kama vile Mombasa na Kisumu zilivyopata vituo vyao. Huko Meru serikali ilitaka sana sauti ya wazee wa Njuri Ncheke iwe upande wake, kwa sababu ilijua kwamba kiapo hakivunjwi na tangazo la DC. Kiapo huvunjwa na mzee mwenye mamlaka ya kulaani.

Na si uongo mtupu uliotangazwa. Hili lazima tuliseme hata kama linachoma. Mauaji ya Lari ya Machi 1953 yalitokea kweli, na waliouawa walikuwa Waafrika wenzetu, wakiwemo wanawake na watoto. Serikali iliyatangaza kila mahali. Ambacho haikutangaza ni watu waliouawa na upande wake kulipiza kisasi. Kuna habari za uongo, na kuna habari za kweli zilizokatwa katikati. Hizi za pili ndizo hudumu zaidi.

Mbinu nyingi zilitoka Malaya, koloni lingine la Waingereza lililokuwa na vita vya msituni. Huko, mwaka wa 1950, walimpeleka mtu wa BBC aitwaye Hugh Carleton Greene kusimamia habari za vita. Wakati wa vita dhidi ya Hitler alikuwa ameongoza matangazo ya BBC kwa Kijerumani. Kuanzia 1960 hadi 1969 akawa Mkurugenzi Mkuu wa BBC nzima. Ukitaka kujua serikali zilivyoiona redio miaka hiyo, mfuate huyo mtu mmoja: anavuka kutoka redio kwenda vita vya ukoloni, kisha anarudi redioni, na hakuna anayeona ajabu.

*

Sauti za serikali hazikuwa peke yake hewani. Mwaka wa 1954 Radio Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili, na mmoja wa watangazaji wake wa mwanzo alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. Misri ya Gamal Abdel Nasser iliwaambia watu wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili safi kwamba Mwingereza anaweza kuondoka. Redio zilikuwa chache, lakini redio moja ilitosha duka zima, na duka moja lilitosha soko zima. Nyeri ilisema hivi, Cairo ikasema vile, na msikilizaji akalinganisha.

Waingereza hawakulichukulia jambo hilo kama mchezo. Wakati wa vita vya Suez, Novemba 1956, ndege zao zilipiga mitambo ya Radio Cairo kwa mabomu. Fikiria: unachukia kipindi cha redio hadi unakitumia mabomu.

Njia nyingine ya kujibu ilikuwa kuwa na redio yako mwenyewe. Tarehe 27 Juni 1957 Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilienda hewani kutoka London kwa mara ya kwanza. Sauti iliyosikika ilikuwa ya Oscar Kambona, kijana wa Tanganyika aliyekuwa mwanafunzi huko, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Tanzania. Mamilioni ya watu walikuja kuipenda idhaa hiyo. Kwetu nyumbani, ikifika saa ya Dira ya Dunia, hakuna aliyeruhusiwa kuongea.

Sasa subiri kidogo, tubaki kwenye Juni 1957.

Mwezi huohuo, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alikuwa akimwandikia Gavana Evelyn Baring kuhusu kambi za Mwea. Huko afisa Terence Gavaghan alikuwa akiendesha mpango wa kuwavunja wafungwa waliokataa kukiri kiapo. Wapya waliletwa kwa vikundi vidogo, wakachanganywa na waliokwisha kukubali, na anayekataa alilazimishwa kwa nguvu. Mwanasheria Mkuu alieleza kwa utaratibu wa kisheria ni sehemu gani za mwili zisipigwe, na kwamba anayepiga asipandwe na hasira. Kisha akasema jambo ambalo limekuja kunukuliwa mara nyingi: kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Gavana akalipeleka suala hilo London kwa Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd.

Sisemi kwamba watu wa idhaa ya London walijua yaliyokuwa yakifanyika Mwea. Sina sababu ya kusema hivyo. Ninachosema ni kwamba mwezi mmoja ulizaa vitu viwili. Kimoja ni sauti ya kirafiki kwa Kiswahili, iliyokusudiwa kusikiwa na kila mtu. Cha pili ni karatasi ya siri kwa Kiingereza, iliyokusudiwa isisomwe kamwe na mtu kama guka wangu. Na ni guka wangu na wenzake waliokuwa wakizungumziwa ndani yake.

*

Sauti na karatasi ziligongana hadharani mara moja. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kule Tana River, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa baada ya kukataa kufanya kazi. Mpango uliotumika ulikuwa wa John Cowan, afisa wa magereza aliyepata uzoefu wake Mwea. Taarifa ya kwanza ya serikali kwa magazeti ilidokeza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Maji tu. Ilichukua uchunguzi wa miili na maswali makali kuonyesha kwamba maiti zilikuwa na majeraha ya kipigo. Julai mwaka huo Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo hadi usiku wa manane, na mbunge Enoch Powell, ambaye baadaye alijulikana kwa chuki yake dhidi ya wahamiaji, alisimama kukemea chama chake mwenyewe. Historia haitupi watu safi wa kupenda. Inatupa tu watu na walichokisema siku fulani.

Baada ya Hola, walioongoza makoloni walielewa kwamba tatizo lilikuwa karatasi. Mei 1961 Waziri wa Makoloni mpya, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali za uhuru zisikabidhiwe hati zinazoweza kuiaibisha Uingereza au kuwafichua watoa habari wake. Kenya ikawa na aina mbili za faili: zile ambazo sisi tungerithi, na zile zilizopigwa muhuri wa herufi W. Hizo za W zilishikwa tu na afisa raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Karani Mwafrika, hata awe mwaminifu vipi, hakuruhusiwa kuzigusa. Nyingine zilichomwa, na maagizo yalitaka majivu yapondwepondwe. Za kutupwa baharini zilitakiwa kufungwa kwenye masanduku mazito na kuzamishwa kwenye maji ya kina yasiyo na mkondo.

Zilizobaki zilipanda ndege. Desemba 1963, siku chache kabla ya bendera yetu kupanda, faili takriban 1,500 zilisafirishwa kutoka Nairobi hadi Uingereza. Kwa hiyo kulikuwa na ndege mbili katika historia yetu. Moja iliongea. Nyingine ilipita kimya.

*

Faili hizo zilikaa miaka karibu 50. Mwisho wake zilikuwa Hanslope Park, jumba la serikali la Uingereza lenye ulinzi mkali, pamoja na nyingine kutoka makoloni 37. Jumla yake takriban 8,800. Serikali ya Kenya ilikuwa imeziulizia tangu miaka ya 60.

Kilichozitoa ni wazee. Mwaka wa 2009 Wakenya watano, Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu wa Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi, walifungua kesi London kuhusu mateso waliyopata kambini. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwamba muda umepita na kwamba dhima ya ukoloni ilirithiwa na serikali ya Kenya. Wanahistoria David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett wakatoa ushahidi, na katika kutafuta hati ndipo mwaka wa 2011 serikali ikakiri kwamba masanduku yapo. Karatasi za Mwea zikasomwa mahakamani. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisema serikali yake inasikitika, na ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya madai ya watu 5,228.

Kilichonigusa si pesa. Ni kwamba wale wazee walikuwa wamesimulia mambo hayohayo kwa miaka mingi, kwenye mazishi, kwenye baraza, kwa wajukuu. Tukasema wamezeeka. Tukaambiana ndege haziongei.

*

Hapa ingekuwa rahisi kufunga kwa kuwalaani Waingereza na kwenda zetu. Lakini enyewe, tuangalie nyumbani pia.

Mtu wa kwanza kuongoza Wizara ya Habari na Utangazaji ya Kenya huru alikuwa Ramogi Achieng Oneko, mmoja wa sita wa Kapenguria, aliyekaa kizuizini miaka mingi huku redio za wakoloni zikimwita mhalifu. Mwaka wa 1964 serikali ilitaifisha shirika la utangazaji na likaitwa Sauti ya Kenya. Ungedhani mtu aliyefungwa na sauti moja angefungua nyingi. Badala yake sauti ikabaki moja, bwana wake tu ndiye aliyebadilika. Mwaka wa 1969 Oneko mwenyewe alirudishwa kizuizini, safari hii na serikali ya Mwafrika. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walipotaka kupindua serikali, walikimbilia kituo cha redio, wakamlazimisha Leonard Mambo Mbotela kusoma tangazo lao. Walijua, kama Waingereza walivyojua, kwamba mwenye maikrofoni ndiye serikali hadi ithibitike vinginevyo.

Na waliotoka msituni? Musa Mwariama wa Meru alitoka Desemba 1963 na akapigwa picha na Kenyatta. Mwenzake Baimungi Marete, pia wa Meru, alirudi msituni kwa sababu ya ardhi aliyoona imekwenda kwa wengine, na 1965 akauawa na majeshi ya Kenya huru. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria zetu hadi 2003. Miaka 40 ya uhuru na bado jina lenyewe lilikuwa haramu!

Wamarekani wana sheria ya 1991 inayotaka kumbukumbu za sera yao ya nje zichapishwe ndani ya takriban miaka 30. Kuna vitabu vizima kuhusu jinsi walivyojitangaza duniani: nani aliongoza shirika lao la habari, nani aliongoza Sauti ya Amerika, waligombania nini na rais. Si watakatifu, na mengine bado yamefunikwa kwa wino mweusi. Lakini mjukuu wao anaweza kuyasoma. Sisi tuna Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Tuna jengo la Nyaraka za Taifa pale tao, Moi Avenue, ambapo wengi wetu tumepanga kukutana nje bila kuingia ndani. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuomba faili hata moja?

*

Mwaka jana nilirudi Runyenjes na simu ya kurekodi. Kwanza nikaomba msamaha kwa kucheka. Cucu alisema ameshasahau. Hakuwa amesahau.

Aliongea karibu saa mbili. Kuhusu kijiji, njaa, mtaro waliochimba akina mama. Kuhusu guka, aliyerudi kutoka kambini na hakusema kambi gani hadi alipokufa. Kisha akafika kwa kaka yake. Kaka yake alikuwa hom'gadi. Mwishoni mwa miaka ya 50, ardhi ilipopimwa na kuunganishwa, waliokuwa upande wa serikali walikuwepo kuonyesha mipaka yao, na wengi waliokuwa kambini hawakuwepo. Shamba tunalolima leo, ambalo karo yangu ilitoka kwenye kahawa yake, limesimama juu ya siku hizo.

Akaniambia, "Zima hiyo kitu."

Nikazima. Akanisimulia yaliyobaki, na hayo sitayaandika hapa.

Nimefikiria sana. Nimemaliza kurasa hizi zote nikiwalaumu watu waliochoma karatasi, halafu mimi mwenyewe nikabonyeza kitufe. Nadhani kuna tofauti. Serikali ilificha ili isiwajibike kwa waliopigwa. Cucu anaficha ili watoto wa kaka yake na watoto wake waendelee kuchota maji mto mmoja. Lakini matokeo yanafanana: kuna mtu atakayezaliwa baadaye akiuliza, na hatapata jibu. Familia nyingi za Embu na Meru zina masanduku kama hayo, na hakuna mahakama ya London itakayoyafungua.

Kwa hiyo nimefanya kitu kidogo. Nilimuuliza kama naweza kuandika ile sehemu nyingine na kuiweka, isisomwe hadi yeye na kaka yake wawe hawapo. Hakukubali, hakukataa. Redio ilikuwa imewashwa pembeni, kituo cha kwetu cha lugha ya nyumbani, mtangazaji akiwasalimia watu wa Siakago na Kianjokoma. Cucu akaongeza sauti kidogo. Halafu akasema nije Krismasi, tutaona.